Kabla Hujailaumu Kamera, Pima Waya

Simu ninayopigiwa kuliko zote huanza hivi: "Fundi, kamera ya getini mchana iko vizuri, lakini usiku ukiingia inazima." Anayepiga huwa keshatoa hukumu: kamera ni mbovu, au muuzaji kamuuzia feki. Wengine huwa wameshanunua nyingine, wakaifunga palepale, nayo ikazima usiku uleule. Hapo ndipo wanapotafuta fundi wa pili.

Kamera za ulinzi hubeba lawama nyingi ambazo si zake. Kifaa kinachoonekana ndicho kinachoshukiwa, na waya uliojificha juu ya dari haumshughulishi mtu. Natamani kila mwenye nyumba na kila fundi mchanga ajue kuuhoji waya kwanza, kwa sababu pesa nyingi hupotea kwenye kamera zisizo na kosa lolote.

Tuichukue hiyo kamera ya getini. Ni ya volti 12. Mchana inakula mkondo mdogo, tuseme ampea 0.2. Giza likiingia, taa zake za infraredi, yaani mwanga wa kuonea gizani, zinawaka na mkondo unapanda hadi ampea 0.5, pengine zaidi. Sasa utazame waya unaoilisha. Aliyeifunga alikuwa na kebo ya mtandao mkononi, ile yenye nyaya nane nyembamba zilizosokotwa mbilimbili, akachukua jozi moja tu kupeleka umeme umbali wa mita 60. Waya mmoja wa kebo hiyo, wa unene wa geji 24, una ukinzani (kiasi cha kuuzuia umeme) wa karibu omu 84 kwa kila kilomita. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu si mita 60 bali mita 120, yaani omu 10 hivi. Zidisha kwa ampea 0.5. Volti 5 zimeishia njiani, na kamera iliyotengenezewa volti 12 inapokea 7. Mchana zilikuwa zinapotea volti 2 tu, ikabaki na 10, ikajikongoja nazo bila mtu kushtuka.

Uhalisia ni mbaya kuliko hesabu hiyo. Ndani ya kamera nyingi mna saketi ya kurekebisha volti, nayo hudai wati zilezile hata volti zinazoingia zikipungua. Volti zikishuka, inavuta ampea zaidi. Ampea zikipanda, waya unameza volti zaidi. Ndiyo maana kamera haififii taratibu. Inaanguka ghafla.

Simama chini ya kamera ya namna hii jioni, mahali palipo kimya, usikilize. Utasikia "tik" ndogo: ni kichujio kilicho mbele ya kihisi picha kinasogea ili mwanga wa infraredi uingie. Taa zinaonyesha wekundu hafifu. Papo hapo picha inakatika na taa zinazima. Mzigo umeondoka, kwa hiyo volti zinapanda tena, na kamera inaanza kuamka upya. Ikishaamka inaona giza. Tik. Inawasha taa, volti zinaporomoka, inakufa. Itafanya hivyo hadi alfajiri, na asubuhi mwenye nyumba ataikuta nzima kabisa, inaonyesha geti na njia bila doa.

Hapa ndipo maltimita, kile kipimo cha umeme, inapowadanganya wengi. Fundi anapanda ngazi, anachomoa plagi ya umeme ya kamera, anapima kwenye ncha, anasoma volti 12 kamili, anashuka akitangaza kwamba umeme upo na kamera ndiyo mbovu. Lakini plagi ikiwa imechomolewa hakuna mkondo unaopita, na pasipo mkondo hakuna volti inayopotea. Hata waya mbovu kupindukia utakuonyesha 12 katika hali hiyo. Pima kamera ikiwa imechomekwa na inafanya kazi, tena taa zake zikiwa zimewaka. Huna haja ya kungoja usiku: ziba kihisi mwanga kwa kitambaa cheusi au kiganja, subiri ile tik, kisha soma. Namba unayoiona wakati huo ndiyo ya kuamini.

Tiba zipo kadhaa. Ukiwa na kebo ya nyaya nane na hutumii jozi nyingine, unganisha jozi mbili pamoja na upotevu utapungua kwa nusu. Ukitumia waya mnene wa geji 18, ambao una omu 21 hivi kwa kilomita, zile volti 5 zinakuwa 1.3 tu. Unaweza pia kusogeza chanzo cha umeme karibu na kamera. Kuna mafundi wanaotibu kwa kubadilisha adapta ya volti 12 na kuweka ya 15 ili "isukume". Sikubaliani nao. Mchana, mzigo ukiwa mdogo, kamera inapokea 13. Na siku mtu atakapobadilisha ule waya mwembamba kwa mnene, kamera itapokea karibu 15 zote, na aliyebadilisha hatajua kwa nini imeungua.

Kwa kamera za mtandao, jibu bora ni PoE, yaani kupitisha umeme na picha katika kebo moja. Nguvu ya njia hii iko kwenye volti. Badala ya 12, swichi, kile kisanduku cha mtandao chenye matundu ya kuchomekea kebo, hutuma karibu 48. Kamera ileile ya wati 6 (volti 12 mara ampea 0.5) inahitaji ampea 0.125 tu, na kwa kuwa nyaya mbili hubeba upande wa kwenda na mbili upande wa kurudi, katika mita 60 zilezile inapotea volti 0.6 hivi kati ya 48. Kamera haitaihisi.

Kiwango chenyewe hakifichi kwamba waya unakula. IEEE, shirika la wahandisi linaloweka viwango, ilipopitisha kiwango cha PoE cha 802.3af mwaka 2003, ilisema tundu la swichi litoe wati 15.4, na kifaa cha upande wa pili kitegemee 12.95. Mwaka 2009 ikaja 802.3at, wati 30 kwenye swichi na 25.5 kwenye kifaa. Tofauti ya namba hizo ni sehemu iliyokwisha kutengwa kwa ajili ya waya.

Na PoE nayo ina maradhi yake ya usiku. Swichi yenye matundu 8 si lazima iweze kuyalisha yote kwa nguvu kamili. Soma kibandiko cha nyuma. Kama jumla yake ni wati 60, na umefunga kamera 8 ambazo kila moja inakula wati 5 mchana na 9 usiku, mchana unatumia 40 na kila kitu kinapendeza. Giza likiingia taa zote zinawaka kwa pamoja, mahitaji yanafika 72, na swichi inaanza kukatia baadhi ya matundu. Mwenye nyumba anaona kamera mbili zimezima, zinarudi, kisha zinazima nyingine. Anabadilisha kamera. Anabadilisha hata kebo. Kumbe jibu lilikuwa limeandikwa kwenye kibandiko ambacho hakuna aliyekisoma siku ya kununua.

Uangalie pia kama hiyo PoE ni ya kweli. Swichi inayofuata kiwango hutuma kwanza volti ndogo na kutafuta kipinzani cha kilo-omu 25 ndani ya kifaa. Ikikikuta, ndipo inapopandisha volti. Ukiichomekea kompyuta kwa bahati mbaya, haitaungua. Lakini kuna vifaa vinavyoitwa PoE ambavyo havifanyi ukaguzi wowote, vinamwaga volti 24 au 48 tangu sekunde ya kwanza kwa chochote kilichochomekwa. Navikwepa. Unajua wewe ulichochomeka leo, lakini hujui mwingine atachomeka nini mwakani.

Sasa kebo yenyewe, na hapa sitafuni maneno: kebo ya alumini iliyopakwa shaba ni hasara kwa kazi hii. Kwa nje inang'aa kama shaba, kwenye boksi imeandikwa daraja la kebo, Cat5e au Cat6, kwa herufi kubwa, na bei yake inavutia. Viwango vya kebo za mtandao vinataka shaba tupu. Alumini ile ina ukinzani mkubwa kuliko shaba kwa zaidi ya nusu, kwa hiyo hesabu zote nilizokupa hapo juu zinaharibika, na ukipitisha PoE kwenye fungu nene la kebo hizo, joto linaongezeka. Tena ni dhaifu: ikunje mara chache kwenye kona na inakatika ndani ya ganda lake, nje huoni kitu.

Kuitambua si kazi. Kwaruza waya kwa kisu. Weupe ukitokeza chini ya rangi ya shaba, umeshapata jibu. Boksi lake pia ni jepesi mkononi kuliko la shaba. Ukitaka uhakika wa namba, kata kipande cha mita 50, sokota nyaya mbili pamoja upande mmoja, kisha pima ukinzani kati ya hizo mbili upande wa pili. Hizo ni mita 100 za waya, na kiwango kinataka zisizidi omu 9.38. Shaba nzuri ya geji 24 itasoma karibu 8.5. Ya alumini itakuonyesha 13 au zaidi. Zoezi hilo linachukua dakika chache, nawe unalifanya kabla hujapitisha mita mia tatu za kebo ndani ya kuta za mtu.

Umbali una mpaka wake. Mita 100 kutoka swichi hadi kamera, ukihesabu na vipande vifupi vya mwishoni. Swichi nyingi za kamera zina kitufe cha kurefusha, kinachofikisha mawimbi hadi mita 250 kwa kushusha kasi ya tundu kuwa megabiti 10 kwa sekunde. Kwa kamera moja inayotuma megabiti 4 au 5 inatosha. Hakikisha tu kebo yako ni ya shaba na kamera haili umeme mwingi, maana kwa umbali huo upotevu ni mkubwa hata kwa volti 48.

Kosa linalowatesa watu muda mrefu kuliko yote liko kwenye kichwa cha RJ45, ile plagi ya mwisho wa kebo ya mtandao, nalo hupita kwenye testa, kifaa cha kujaribia kebo, bila kugunduliwa. Mtu anazipanga rangi jinsi zinavyopendeza machoni: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, kijani, buluu-nyeupe, buluu, kahawia-nyeupe, kahawia. Anafanya hivyohivyo upande wa pili. Testa ya bei nafuu inawasha taa moja hadi nane kwa mpangilio, naye anaridhika. Tatizo ni kwamba mtandao hautumii nyaya zilizo jirani tu. Ule wa megabiti 100 unatuma kwenye 1 na 2, na unapokea kwenye 3 na 6. Kwa mpangilio wake, namba 3 ni kijani-nyeupe na namba 6 ni buluu, nyaya zisizosokotwa pamoja. Ule msokoto ndio unaofuta kelele. Bila huo, jozi moja inamwaga mawimbi yake ndani ya nyingine. Kebo ya mita 5 itafanya kazi. Ya mita 40 itakupa picha inayoganda, inayovunjika vipande vya mraba, inayopotea na kurudi bila ratiba.

Mpangilio sahihi unaotumika sana, T568B, ni chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, buluu, buluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Kijani kinaruka buluu kwa makusudi, ili 3 na 6 ziwe jozi moja. Usiufungue msokoto zaidi ya milimita 13 karibu na kichwa, na ganda la kebo liingie ndani ya kichwa libanwe pamoja, lisiachwe nje huku nyaya tupu zikibeba uzito. Testa inayowasha taa inakueleza kwamba umeme unapita. Haikuelezi nani kasokotwa na nani. Kwa hiyo kila ninapokuta picha inayoganda kwenye kebo ambayo "imeshapimwa ikaonekana nzima", nakitazama kichwa cha RJ45 kwa macho, upande wa nyuma usio na kile kibanio, kwenye mwanga wa kutosha.

Kujua kazi ya kila waya kunakusaidia pia kusoma dalili. Kwenye mtandao wa megabiti 100, nyaya za 4, 5, 7 na 8 hazibebi picha, na baadhi ya swichi hupitisha umeme wa PoE humo. Kwa hiyo kamera inaweza kuwaka taa na kupata joto lakini picha isifike, kwa sababu waya wa 3 umekatika. Inaweza pia kuzima kabisa huku njia ya picha ikiwa nzima. Ukikuta kamera ina umeme na haionekani, usikimbilie neno la siri na mipangilio. Anza na 1, 2, 3 na 6.

Kamera za koaksi, zinazotumia kebo ya duara yenye waya mmoja katikati na suka ya nyuzi kuuzunguka, bado ni nyingi na zina matatizo yake. Konekta ya BNC, kile kichwa cha kebo hiyo, iliyofungwa vibaya ni chanzo cha picha kupotea upepo ukivuma: unyuzi mmoja wa ile suka ya nje, mwembamba kama unywele, ukigusa waya wa katikati, picha hakuna. Kiungo kilichosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu kinavuruga ukinzani maalumu wa omu 75 wa kebo, na mawimbi yanarudi nyuma; unaona kivuli cha kila kitu pembeni yake. Mistari mipana inayopanda au kushuka polepole kwenye picha ni jambo jingine kabisa: erthi mbili. Kamera imegusa chuma kilichoungana na ardhi kule nje, kinasa, yaani mashine ya kurekodi picha, kina erthi yake ndani, na tofauti ndogo ya volti kati ya sehemu hizo inapitisha mkondo kwenye suka ya koaksi. Ing'oe kamera kwenye chuma, ishike hewani. Mistari ikitoweka, iwekee kitako cha plastiki au tumia kitenganishi kwenye laini ya picha. Usikate pini ya erthi ya kinasa. Ile ipo kulinda uhai wa mtu.

Maji yanastahili heshima zaidi ya wanayopewa. Kile kiungo cha RJ45 kinachoning'inia nyuma ya kamera ya nje kinabeba volti 48, na unyevu ukiingia, umeme huo unaharakisha kutu ya kijani kwenye pini hadi moja inaliwa yote. Mwanzo kamera inakatika mvua ikinyesha tu, kisha inapona jua likitoka, na kila mtu anasahau. Kiungo kikae ndani ya boksi lisilopitisha maji, kebo iingie kutoka chini, na kabla ya kuingia ishuke iache tumbo ili matone yadondoke hapo. Nje ya jengo tumia kebo ya ganda jeusi iliyotengenezwa kwa jua. Ganda la kebo ya ndani hupasuka, na maji yakishaingia husafiri ndani ya kebo hadi kwenye swichi. Kati ya jengo na jengo napendelea faiba, kebo ya nyuzi za kioo, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme wa radi. Na kebo ya kamera isilale bega kwa bega na waya wa umeme mkubwa. Zikilazimika kukutana, zikatane msalaba.

Ukiitwa kwenye kamera iliyokufa, kitendo cha kwanza ni kuishusha na kuileta kwenye swichi, uichomeke kwa kebo fupi unayoijua. Ikiwaka na kutoa picha, haina hatia, na umeokoa pesa ya mtu hapohapo. Kisha badilisha tundu la swichi. Kisha weka kichwa kipya upande mmoja, upime, halafu upande wa pili. Kama kebo ina kiungo katikati, pima nusu kwa nusu. Badilisha kitu kimoja kila mara. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na kamera ikapona, hujajua ugonjwa, na utarudi.

Kuna yasiyohusu waya, niyataje ili nisiutwike mzigo usio wake. Kamera mbili mpya za mtengenezaji mmoja mara nyingi hutoka kiwandani na anwani moja ya IP, ile namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao. Zikiwashwa pamoja zinapokezana kuonekana, na ukichomoa moja nyingine inatulia. Washa moja, ipe anwani yake, ndipo uwashe ya pili. Ukungu mweupe usiku kwa kawaida ni utando wa buibui au kuba lenye vumbi, mwanga wa infraredi unagonga hapo na kurudi kwenye lenzi. Futa kwa kitambaa laini kabla ya kufungua chochote.

Siku ya kukabidhi kazi, nasubiri giza, au naziba vihisi vyote mpaka taa zote ziwake kwa pamoja, kisha nazunguka na maltimita. Kila kebo inapata kibandiko ncha zote mbili: namba ya kamera, urefu, na volti zilizosomwa kwenye kamera taa zikiwa zinawaka. Kwenye swichi ya PoE naandika jumla ya wati zinazotumika usiku na kikomo chake. Karatasi ya pili yenye namba hizohizo inabaki ndani ya mlango wa kabati la kinasa. Kamera ya sita ikisumbua baada ya miaka miwili, atakayekuja atapima, atalinganisha 11.4 ya siku ya kwanza na 9.2 anayoiona, naye ataanza kutafuta kiungo kilichooza bila kugusa kamera.